Sura ya Sita: Kurasa 780

Mwezi Juni 2007, mwanamke mmoja alipeleka rundo la karatasi kwenye duka la kutoa kopi huko Surrey, kusini-magharibi mwa London. Alitaka kurasa zote ziskaniwe na kuwekwa kwenye diski za kompyuta. Zilikuwa kurasa 780, na mtu aliyepewa kazi ya kuzipitisha kwenye mashine moja baada ya nyingine hawezi kukosa kuona kilichomo. Mhudumu wa duka hilo alikuwa shabiki wa mbio za magari ya langalanga, tena shabiki wa Ferrari. Zilizokuwa mikononi mwake ni nyaraka za siri za gari la Ferrari la msimu uleule. Akaandika baruapepe kwenda Maranello, Italia, makao makuu ya timu hiyo, kuwaarifu.

Naanza na mhudumu huyo kwa sababu stahili yake haijawahi kutolewa ipasavyo. Mashindano ya langalanga yana wakaguzi wanaopima magari kwa milimita, yana kanuni nene kuliko sheria za nchi kadhaa, na timu zake huajiri walinzi wa kulinda milango na wa kulinda kompyuta. Vyote hivyo havikuona kitu. Aliyeona ni mtu wa mshahara wa kawaida aliyejiuliza mali hii imefikaje hapa, na hakunyamaza. Bila baruapepe yake, huenda jambo lote lingebaki baina ya marafiki wawili.

Marafiki hao walikuwa Waingereza, na wote wawili walikuwa mafundi wa daraja la juu kabisa. Mume wa yule mwanamke alikuwa Mike Coughlan, mbunifu mkuu wa McLaren, timu yenye makao yake Woking, humohumo Surrey. Wa pili alikuwa Nigel Stepney wa Ferrari, na kisa hiki hakieleweki bila kumwelewa yeye.

Stepney alijiunga na Ferrari mwaka 1993, wakati timu hiyo ilikuwa na jina kubwa na ushindi haba. Jean Todt alikabidhiwa uongozi mwaka huohuo. Kazi ya Stepney, kama makanika mkuu, ilikuwa kuleta nidhamu kwenye gereji: kila fundi ajue nafasi yake, kila nati ikazwe kwa namna ileile, kila gari lifikishe mbio mwisho. Michael Schumacher alipotwaa ubingwa wa dunia mara tano mfululizo, kuanzia mwaka 2000 hadi 2004, gari lake lilikuwa maarufu kwa kutoharibika, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ilimstahili Stepney. Aliilipia kwa mwili pia. Mwaka 2000 huko Barcelona, Schumacher aliruhusiwa kuondoka mapema wakati wa kujaza mafuta, na gari likamjeruhi Stepney kifundo cha mguu.

Kisha mwaka 2006 ukaisha na kila kitu kikabadilika. Schumacher akastaafu. Ross Brawn, mkurugenzi wa ufundi aliyekuwa bongo la timu, akaomba likizo ya mwaka mzima. Stepney alitarajia kupanda. Cheo cha Brawn kikaenda kwa Mario Almondo, mtu wa ndani ya Ferrari aliyekuwa ametoka upande wa utawala na uzalishaji zaidi kuliko gereji. Februari 2007 Stepney aliwaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba hakuridhika na mpangilio mpya na angependa kupumzika kwa muda. Ferrari ikampa kazi ya kiwandani, asisafiri tena na timu kwenda mashindanoni.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Ferrari ilimnyanyasa au haikumnyanyasa, hilo kila mtu ataamua mwenyewe, lakini kumwacha mtu anayejua kila unyuzi wa gari lako akae kiwandani na kinyongo chake, huku milango yote ikiwa bado wazi kwake, lilikuwa kosa la uongozi. Vitabu vingi vinavyosimulia kashfa hii huiita ujasusi, na msomaji hupata picha ya watu wajanja wenye mpango. Mimi sioni mpango. Naona fundi aliyenyimwa cheo, na rafiki yake wa zamani, aliyefanya naye kazi tangu enzi za timu ya Lotus, ambaye alikuwa tayari kupokea simu.

Na simu zilipigwa. Polisi wa Italia walipokuja kuchunguza baadaye, walikuta kwamba kati ya Machi 11 na Julai 3, 2007, Stepney na Coughlan walibadilishana meseji zisizopungua 288 na kupigiana simu mara 35.

Mashindano ya kwanza ya msimu yalifanyika Melbourne, Australia, Machi 18. Kimi Räikkönen, dereva mpya wa Ferrari, alishinda kwa raha. Kabla ya hapo McLaren walikuwa wamekwisha kujua jambo kuhusu gari lake ambalo macho yasingeweza kuwaonyesha. Kanuni zinataka sakafu ya gari iwe ngumu, isipinde. Wakaguzi huipima kwa kuisukuma kutoka chini kwa nguvu maalumu. Ferrari walikuwa wamefunga springi sehemu ya mbele ya sakafu, iliyokazwa kiasi cha kustahimili kipimo cha wakaguzi, lakini gari likiwa kwenye mwendo mkali, nguvu zikizidi za kipimo, sakafu ilinyanyuka kidogo, na sehemu ya mbele ya gari ikakaa karibu zaidi na lami. Gari likikaa chini hewa hulivuta zaidi, na dereva hukata kona kwa kasi kubwa zaidi. Taarifa ilitoka kwa Stepney. McLaren hawakuinakili springi hiyo. Waliandikia Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lilelile linalosimamia Safari Rally ya Kenya, wakiuliza kama kifaa cha namna hiyo kinaruhusiwa. FIA ikajibu kwamba hakiruhusiwi, na kuanzia mashindano yaliyofuata Ferrari ikalazimika kukiondoa.

Ron Dennis, mkuu wa McLaren, alilishikilia tukio hilo kama ngao hadi mwisho. Stepney, kwa maelezo yake, alikuwa mtoa taarifa za uovu, na timu iliyozipokea na kuzifikisha kwa wasimamizi ilikuwa imefanya jambo la haki. Kwa upande wa sakafu, nakubaliana naye. Mfanyakazi akijua kwamba mwajiri wake anakwepa kanuni, mashindano yanafaidika akisema. Tatizo ni kwamba taarifa hazikuishia kwenye sakafu. Siku ileile ya Melbourne, McLaren walijua pia kwamba Räikkönen angeingia kujaza mafuta mzunguko wa 18. Hilo halina uovu wa kufichuliwa. Ni karata ya mwenzako kuichungulia kabla hajaitupa mezani.

Nitaeleza kidogo kuhusu matairi, kwa sababu hapo ndipo thamani ya siri hizi ilipo, na wengi hupita hapo haraka. Hadi mwaka 2006 timu ziligawanyika kati ya watengenezaji wawili: Michelin ya Ufaransa na Bridgestone ya Japani. Ferrari walikuwa wamekimbia na Bridgestone kwa miaka mingi, wakiwa karibu sana na wahandisi wake. McLaren walikuwa upande wa Michelin tangu 2002. Mwishoni mwa 2006 Michelin wakaondoka, na kuanzia 2007 wote wakalazimika kutumia Bridgestone. Gari la langalanga hujengwa kuanzia kwenye tairi kwenda juu. Kiasi cha uzito kinachokaa mbele na kinachokaa nyuma, hata kwa tofauti ya sehemu ya asilimia, huamua kama tairi litapata joto sawasawa au litaungua kabla ya wakati wake. McLaren walikuwa wanajifunza tairi geni. Ferrari walikuwa na majibu.

Machi 21, siku tatu baada ya Melbourne, Pedro de la Rosa, dereva wa majaribio wa McLaren, alimwandikia Coughlan kumuuliza mgawanyo wa uzito wa gari jekundu, yaani la Ferrari. Alikuwa anajiandaa kuingia kwenye simuleta, mtambo unaomwezesha dereva kuendesha gari lisilokuwepo kwenye njia isiyokuwepo, na akasema ingefaa aujaribu humo. Coughlan akamjibu. Siku chache baadaye de la Rosa alimpelekea namba hizo dereva mwenzake, Mhispania kama yeye, Fernando Alonso, aliyekuwa bingwa wa dunia mara mbili na ameingia McLaren msimu huo. Namba zilikuwa na tarakimu mbili baada ya nukta, za magari yote mawili ya Ferrari kama yalivyopangwa Melbourne. Alonso alishangaa, akauliza kama chanzo ni cha kuaminika. De la Rosa alimhakikishia: habari zinatoka kwa Stepney, na ni yuleyule aliyewaambia kuhusu mzunguko wa 18. Waliandikiana pia juu ya gesi ambayo Ferrari hujazia matairi ili yasipate joto kupita kiasi ndani, na Alonso akaona ni muhimu ijaribiwe. Aprili, de la Rosa aliuliza tena, safari hiyo kuhusu mfumo wa breki.

Baruapepe hizo hazina aibu ndani yake, na ndicho kinachonisumbua kuliko namba zenyewe. Hakuna anayemwambia mwenzake tufute haya, wala anayeuliza kama inafaa. Wanaume wawili wazima, mabingwa wa fani yao, wanajadili mali ya mwenzao kwa sauti ya watu wanaojadili ratiba ya ndege.

McLaren kama taasisi iliwahi kushtuka, walau kidogo. Baada ya Melbourne wakubwa walimtaka Coughlan akate mawasiliano na Stepney, na kompyuta za kampuni zikawekewa kizuizi ili ujumbe wa Stepney usipite. Coughlan alieleza baadaye kwamba alikwenda Barcelona mwishoni mwa Aprili kuonana na rafiki yake uso kwa uso, ili amwambie yaishe. Alirudi na kurasa 780. Ndani yake mlikuwa na usanifu, utengenezaji, majaribio na uendeshaji wa gari la Ferrari la 2007. Kuna wenzake kazini walioonyeshwa kurasa mbili tatu. Jonathan Neale, mkurugenzi mtendaji, alipodokezwa habari ya michoro hiyo alimshauri Coughlan aiharibu. Hakuna aliyenyanyua simu kuwaambia Ferrari.

Mwezi Mei, kabla ya mashindano ya Monaco, Ferrari walikuta unga kwenye matangi ya mafuta ya magari yao. Wakapeleka malalamiko kwa waendesha mashtaka wa Modena, wakimtaja Stepney. Yeye alikana, na aliendelea kukana, akisema ametengenezewa kesi. Katikati ya tuhuma hizo ndipo ilipoingia baruapepe ya yule mhudumu. Julai 3 Ferrari wakatangaza kumfukuza Stepney, McLaren wakamsimamisha Coughlan, na nyumba yake ikapekuliwa kwa amri ya mahakama ya Uingereza. Diski zilikuwamo.

Baraza la Dunia la Michezo ya Magari, chombo cha FIA, lilikutana Paris Julai 26. McLaren walisimama kwenye hoja moja: huyu ni mfanyakazi mmoja aliyepotoka, na hakuna alama ya kazi yake kwenye gari letu. Baraza liliwakuta na hatia ya kumiliki mali ya siri, lakini likasema hakuna ushahidi kwamba wameitumia, na kwa hiyo hakuna adhabu. Ferrari walipandwa na hasira. Lilikuwa limeachwa sharti moja tu: ushahidi mpya ukipatikana, kesi itafunguliwa upya.

Ushahidi mpya ulikuwa umekaa kwenye kompyuta ya Alonso, na ulitoka kwa sababu ya ugomvi usiohusiana kabisa na Ferrari. Lewis Hamilton, kijana wa miaka 22 katika msimu wake wa kwanza, alikuwa anamshinda bingwa wa dunia ndani ya timu yake mwenyewe. Agosti 4 huko Hungary, wakati wa kutafuta nafasi za kuanzia, Hamilton alikataa kumpisha Alonso kama walivyokubaliana. Alonso akalipiza kwa kusimama makusudi mahali pa kubadilishia matairi hadi Hamilton akakosa muda wa mzunguko wake wa mwisho. Alonso akarudishwa nyuma nafasi 5, na timu ikanyimwa pointi za siku hiyo. Asubuhi ya Jumapili, katika mabishano makali na Dennis, Alonso alitaja baruapepe. Dennis mwenyewe alimpigia simu Max Mosley, rais wa FIA, kumweleza kilichosemwa. Mwisho wa Agosti FIA iliwaandikia madereva watatu wa McLaren: leteni mlicho nacho, hamtaadhibiwa kwa mtakachotoa, ila mkificha mtakiona. Hamilton hakuwa na kitu. De la Rosa na Alonso walitoa.

Septemba 13 baraza lilikaa tena Paris. Halikuhitaji tena kipande cha Ferrari kilichofungwa kwenye gari la McLaren. Lilisema kujua kwenyewe ni faida, na sioni anayeweza kubisha. Mhandisi akishajua kwamba mwenzake amejaribu njia fulani na ikazaa, haijui tena kama dhana. Hata akichora kila mstari kwa mkono wake, anachora akijua mwisho wake ulipo. De la Rosa alishikilia kwamba namba za uzito hazikuwahi kuingizwa kwenye simuleta. Baraza liliona si jambo la kuaminika kwamba dereva wa majaribio angeamua hilo peke yake. McLaren wakafutiwa pointi zote za timu za mwaka 2007 na kutozwa faini ya dola milioni 100, ambayo haikuwa na mfano katika michezo ya magari, ikipunguzwa kwa fedha za zawadi walizopoteza kwa kufutwa huko.

Faini hiyo ndiyo iliyobeba vichwa vya habari. Mimi nakaa kwenye jambo lililopita chini yake: madereva waliachiwa pointi zao zote, kwa sababu walikuwa wameahidiwa. Naelewa ahadi ilitolewa kwa nini. Bila kinga, baruapepe zisingetoka. Lakini kuna tofauti kati ya kumwondolea mtu adhabu na kumwachia faida. Mtu anaweza kusamehewa kosa, asifungiwe, asitozwe hata senti, na bado akaambiwa kwamba pointi zilizopatikana kwa gari hili hazihesabiki, kwa kuwa gari lenyewe limeondolewa kwenye mashindano ya timu. FIA iliamua kwamba gari haliwezi kuaminika kwa timu na linaaminika kwa madereva, gari lilelile, alasiri ileile. Walioumia ni mamia ya wafanyakazi wa Woking, wachomeleaji, washona viti, wapaka rangi, ambao jina la Stepney walilisoma magazetini kama sisi wengine. Waliosoma baruapepe na kuzijibu waliendelea kukimbilia ubingwa.

Desemba mwaka huohuo baraza lilikuwa na kesi nyingine mezani. Mhandisi aliyehama McLaren kwenda Renault mwaka 2006 alikuwa amebeba diski zenye michoro ya mwajiri wake wa zamani, na baadhi ya wahandisi wa Renault walionyeshwa. Renault wakakutwa na hatia ya kosa lilelile, wakaondoka bila adhabu. Kulikuwa na tofauti ya kweli: Renault walijieleza mapema na wazi. Hata hivyo umbali kati ya dola milioni 100 na sifuri ni mkubwa mno kuelezeka kwa tofauti hiyo peke yake.

Kesi ya Modena ilijikokota. Wahandisi wanne wa McLaren, Coughlan akiwa mmoja wao, waliimaliza kwa kulipa faini. Mwaka 2010 Stepney alifikia makubaliano na waendesha mashtaka, akahukumiwa mwaka mmoja na miezi minane ambao hakuutumikia gerezani. Coughlan alirudi kwenye langalanga mwaka 2011, akaajiriwa na Williams. Stepney hakurudi. Alifanya kazi kwenye mbio za magari ya aina nyingine, na Mei 2014 alifariki baada ya kugongwa na lori kwenye barabara kuu ya M20 huko Kent, akiwa na umri wa miaka 55.

Kuhusu ubingwa wa 2007, nimesikia watu wakisema haki ilijitafutia njia yake. Zikiwa zimebaki mbio mbili, Hamilton alikuwa mbele ya Räikkönen kwa pointi 17, na mshindi wa mbio moja wakati huo alipata 10. Shanghai timu ilimwacha njiani na matairi yaliyokwisha, akateleza kwenye changarawe wakati akiingia kuyabadilisha. São Paulo, Oktoba 21, gari lake lilipata hitilafu ya gia mwanzoni, akaporomoka hadi karibu na mkia na kumaliza wa 7. Räikkönen akashinda. Hesabu ya mwisho ilikuwa Räikkönen 110, Hamilton 109, Alonso 109, na dereva wa Ferrari akawa bingwa.

Siwezi kuiita hiyo haki. Ni tairi lililochakaa na gia iliyogoma. Hamilton angepata pointi mbili zaidi, au Alonso mbili zaidi, dunia ingekuwa na bingwa aliyeendesha gari lililofutwa kwenye jedwali la timu, na FIA ingelazimika kumkabidhi kombe mbele ya kamera. Uamuzi wa Septemba uliruhusu hilo kabisa, na waliouandika walijua, kwa sababu siku walipoutia saini madereva wote wawili wa McLaren walikuwa wanaongoza msimamo.